Linki Haijui "Ukifika Uliza"

Kariakoo hakuna anayeelekezwa kwa namba ya nyumba. Namba zipo: mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, operesheni ya anwani za makazi ilipita mitaani ikipigilia vibao milangoni na kusimika nguzo zenye majina ya barabara. Lakini mpigie simu mwenye duka umwulize alipo. Atakwambia ushuke Msimbazi, utembee hadi Big Bon, halafu "ukifika hapo uliza mama wa vitenge, kila mtu ananijua." Na kweli, ukiuliza, kijana wa mkokoteni anaacha mzigo wa watu katikati ya njia na kukufikisha mlangoni.

Kasheshe linaanza pale mama wa vitenge anapohamia mtandaoni na desturi hiyohiyo. "Nitafute Instagram, kwenye picha nimevaa kilemba cha njano." Mteja anatafuta, anakuta vilemba vya njano vya kutosha kufungua soko jingine. Huko hakuna wa kumuuliza. Linki ya akaunti ni ya herufi kwa herufi. Ikipungua moja, unaishia kwa fundi wa makochi ambaye hata Dar es Salaam haishi.

Ajali maarufu kuliko zote huanzia steshenari. Mwenye duka la viatu anataka kadi za biashara, na kadi bila linki siku hizi ni kama kiatu cha mguu mmoja. Kijana wa steshenari, mwepesi wa vidole, anamwambia ile ndefu yenye namba haipendezi, kuna ya mkato: facebook.com/me. Wanaijaribu kwenye simu ya mwenye duka. Inafunguka bila shida: picha yake, viatu vyake, hata salamu za Idi kutoka kwa shemeji. Kadi zinachapwa.

Kasoro ni kwamba njia hiyo ya mkato humpeleka kila anayeifungua kwenye ukurasa wake mwenyewe. Ndivyo ilivyotengenezwa. Mteja wa Lubumbashi anaibonyeza anajiona yeye. Mteja wa Lusaka anakutana na picha za harusi yake. Kwa mwenye duka peke yake ndiko linki inakofanya kazi sawasawa, kwa hiyo malalamiko yanapoanza kuja anayapokea kwa hasira ya mtu anayesingiziwa.

"Bosi, hii kadi yako inanirudisha kwangu."

"Kaka, labda bando limeisha."

Ugomvi wa aina hii hauishi mpaka mtu wa tatu afungue kwa simu yake, naye ajione. Hiyo ndiyo njia pekee ya kuipima linki: simu ya jirani, tena jirani asiye na nenosiri lako. Simu yako mwenyewe ni shahidi wa upande wako.

Ile ndefu yenye namba nayo ina historia. Facebook iliwapa watu tarakimu tu hadi tarehe 13 Juni 2009, ilipowaruhusu kuchagua majina kwa utaratibu wa aliyewahi ndiye amepata. Mitandao mingine mikubwa inafuata utaratibu huohuo, ndiyo maana duka lililochelewa halipati jina lake likiwa safi. Linaongezewa "tz", ikishindikana "kariakoo", ikishindikana tarakimu mbili, na katikati kile kistari cha chini. Instagram inaruhusu jina la hadi herufi 30, na wapo walioamua kuzitumia zote.

Kistari cha chini kimewatesa watu wengi. Kompyuta ya steshenari ina tabia ya kuitambua linki, ikaipaka buluu na kuipigia mstari chini yake kwa urefu wote. Kistari kinamezwa na mstari. Kwenye kadi mteja anaona pengo, anaandika kwa kuunganisha, na kupotea. Kukitaja kwa mdomo ni balaa zaidi, hasa Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi, pale spika ndogo zenye sauti zilizorekodiwa zinapopiga kelele za "elfu tano tano, chagua!" bila kuvuta pumzi.

"Andika jina la duka, kisha kistari cha chini."

"Cha chini wapi?"

"Chini, dada yangu, sio katikati!"

"Viwili?"

"Kimoja!"

Dada ameshaandika vitatu.

WhatsApp ingeweza kuwaokoa, maana linki yake ni wa.me na namba ya simu tu. Tatizo ni kwamba namba hiyo inatakiwa ianze na 255, bila alama ya kujumlisha wala ile sifuri ya mbele. Mkazi wa Dar hawezi kuiacha sifuri, amezaliwa nayo. Anaandika 07, na mteja wa Moroni anaambiwa namba si sahihi.

Na kuna linki inayosema kuliko aliyeituma. TikTok ina mpangilio ambao, usipouzima, unaweza kumpendekezea akaunti yako yule aliyefungua linki uliyomtumia. Anayejificha kwenye akaunti ya pili ili asambaze bei za jirani yake afikiri mara mbili.

Linki ikiwa sahihi pia si dhamana ya kufika. Mei 2025, mtandao wa X ulipozuiwa nchini, waliochapa linki yake kwenye kadi zao walibaki na herufi zisizo na kosa hata moja na ukurasa usiofunguka.

Lakini anayestahili pole kuliko wote ni anayebadili jina. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, maduka mengi yamekuwa yakichapa majina ya akaunti kwenye ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa. Mwenye duka anaagiza mzigo wa mifuko, kisha mwanawe aliye chuo anamshauri achukue jina la kisasa zaidi. Anabadili kwa dakika moja. Instagram hailitunzi jina la zamani milele. Baada ya muda, mtu mwingine anaweza kulichukua. Mifuko nayo haichakai. Akina mama wanaibebea nyanya na dagaa, inapanda daladala za Mbagala na Gongo la Mboto, na kila inapokwenda inamtangazia biashara mtu mwingine kabisa, ambaye pengine anashangaa wateja wake wote hawa wa viatu wametoka wapi, ilhali yeye anauza keki.