Heko Walinzi wa Filamu

Wanaowasema vibaya walinzi wa muziki na filamu, wale wanaotia diski kufuli zisinakiliwe, hawana shukrani. Mwaka 1999 kufuli ya DVD, kazi ya wahandisi waliosoma wakahitimu, ilivunjwa na kijana wa Norway mwenye miaka 15, Jon Lech Johansen, na wenzake. Vijana wakapata elimu bure. Mwaka 2002 diski za muziki za Sony zenye kinga dhidi ya kompyuta zikashindwa na kalamu ya wino mzito iliyopitishwa ukingoni. Wauza kalamu nao wakapata soko.

Busara kubwa zaidi ni kuigawa dunia katika kanda za DVD: Marekani 1, Ulaya 2, Afrika Mashariki 5. Mjomba akikuletea DVD halali kutoka London, na risiti juu, deki yako ya Nairobi yaweza kuikataa katakata. Ile ya kuchomwa, yenye jalada la fotokopi, inacheza bila kuulizwa kwao ni wapi. Ndiyo haki hiyo: mwizi keshajulikana, wa kuchunguzwa ni mnunuzi. Basi lipeni, ndugu wasomaji, mpate kushukiwa rasmi.