Kujuana na Sikujua

Waungwana wa zama zetu hutuhubiria kwamba msimulizi asiyejuana na watu ni mfano wa ngoma iliyowambwa vema ikakosa mpigaji. Basi kila jioni utamwona mtunzi chipukizi, kanzu yake imepigwa pasi na hadithi yake haijaandikwa, akizunguka baraza hadi baraza kupeana mikono, kugawa kadi zenye jina lake, na kuwasifu wenziwe kwa vitabu asivyovisoma, ili nao wamlipe fadhila kwa kukisifu kitabu asichokitunga.

Sikanushi faida ya kujuana. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, hakuwa na kadi hata moja. Lakini tungo zake, zilizobaki vifuani mwa watu, zilikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, zikafika mikononi mwa mmisionari Taylor, na hatimaye zikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940 kwa juhudi za mhariri Hichens, karne nzima baada ya mwenyewe kulazwa kaburini. Tazama ajabu ya kudura: aliyemjulisha Muyaka kwa walimwengu aliitwa Sikujua!

Kwa hiyo, ewe msimulizi mwenye adabu, endelea kuhudhuria karamu, kula biriani na kukariri majina ya wenye matbaa. Ila ukijaliwa faragha kidogo baina ya salamu na salamu, tafadhali tunga kisa, maana hata Sikujua hukusanya kilichopo.