Salongo ya Mashine Nne

Kwanza tafuta kompyuta nne ambazo wenyewe wameshaziita takataka. Kwetu Kambove, Kongo, hazikosekani. Ziko chini ya meza za ofisi, ziko kwenye stoo ya parokia, ziko kwa yule fundi wa redio asiyetupa kitu. Usichague kwa sura. Unataka mashine inayowaka, yenye RAM ya megabaiti 512 au zaidi, tundu la kebo ya mtandao, na kisoma sidii kinachokubali kufungua mdomo. Diski ngumu ikiwa imekufa, usimlilie marehemu, kwa sababu mashine tatu kati ya hizo nne hazitamhitaji kamwe.

Hapo ndipo ninapoipendea sidii hai, yaani sidii yenye mfumo mzima ndani yake, unaowaka kutoka kwenye sahani bila kugusa diski. Kwetu umeme ukikatika katikati ya kazi, mfumo uliowekwa kwenye diski unaweza kuharibika na kukulaza macho. Sidii haiandikwi kitu. Umeme ukirudi, mashine inaamka safi kama ilivyokuwa asubuhi.

Sasa hizo nne zifanye salongo. Kila Mkongomani anajua salongo ni nini: mtaa unatoka, huyu na jembe, yule na ufagio, na mtaro unaomtesa mtu mmoja wiki nzima unaisha kabla ya chakula cha mchana. Wataalamu wanaiita klasta. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakifanya kazi NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486, wakaziita Beowulf. Hawakuanza na dhahabu.

Na akitokea mtu wa kukuambia kwamba mambo haya si ya Kambove, mkalishe kitini umweleze habari za Shinkolobwe. Mgodi ule uko katika eneo letu, na urani yake ilisafirishwa hadi Marekani kwa ajili ya bomu la atomiki la 1945. Kule Los Alamos, bomu hilo lilikobuniwa, hesabu zilikuwa nzito mno kwa mtu mmoja, basi wakazigawa. Walianza na chumba cha watu wenye mashine za mezani: huyu anazidisha tu, yule anajumlisha tu, kadi inapita mkono hadi mkono. Kisha zikaja mashine za IBM za kadi zenye matundu, nazo zikapangwa vivyo hivyo. Hiyo ni klasta, imekosa kebo tu. Jiwe lilitoka hapa na hesabu ikafanyikia huko. Mimi nataka hesabu ifanyikie hapa, na watoto wetu waione ikifanyika.

Tuanze kupika. Miongozo ya zamani itakutuma kwenye ClusterKnoppix na kerneli ya openMosix, iliyoweza kuhamisha kazi kutoka mashine hadi mashine yenyewe bila kuambiwa. Ilikuwa kazi nzuri sana, lakini mradi wa openMosix ulifungwa Machi 2008, prosesa zenye viini vingi zilipokuwa rahisi. Tumia antiX, ndugu mwepesi wa Debian, toleo la 23 la biti 32, lile liitwalo core, lisilo na madirisha wala mapambo. Chagua biti 32 hata kama mashine moja ina uwezo wa 64, maana kwenye salongo wote wazungumze lugha moja.

Kizingiti cha kwanza ni kibodi. Kompyuta zetu nyingi zina kibodi ya Kifaransa, na antiX inaamka ikidhani ni ya Kiingereza. Inakuuliza jina, nawe unatakiwa kuandika demo. Mdogo wangu aliandika demo, akaangalia kioo, akaniita: «Yaya, inakataa!» Kiooni palisomeka de;o. Herufi M ya kibodi yetu inakaa mahali ambapo Waingereza wameweka nukta-mkato. Bonyeza kitufe cha koma, kilicho kulia kwa N, na M itatokea. Neno la siri ni demo vilevile, na hilo halionekani likiandikwa, kwa hiyo vidole viwe na imani. Ukishaingia, badilisha kibodi kuwa ya Kifaransa kabla ya jambo lingine lolote, ili sidii utakazochoma ziwe zimeshajifunza.

Weka mfumo huo kwenye ile mashine moja yenye diski iliyo nzima. Ongeza openmpi-bin, openssh-server, python3-mpi4py na dnsmasq. Tengeneza ufunguo wa SSH usio na neno la siri, na uukubali wewe mwenyewe kwenye authorized_keys, ili mashine ziingiliane bila kubisha hodi. Programu yako ya hesabu iweke humohumo. Kisha ita iso-snapshot ya antiX, uiambie ihifadhi akaunti zako, nayo itakukunjia mfumo wote kuwa faili moja la kuchoma. Lisivuke megabaiti 700. Likivuka, nunua DVD, mradi mashine zako zinaisoma. Ukumbuke kwamba kila sidii sasa ina ufunguo wa nyumba yako: usiigawe ovyo, na swichi inayokutanisha kebo za mashine hizi usiiunganishe na intaneti.

Kosa langu lililonila jioni nzima lilikuwa dnsmasq, programu inayogawa anwani. Niliiacha ijiwashe yenyewe. Sidii zote ni pacha, basi mashine zote nne zikaamka kila moja ikidai ndiyo chifu, zikigawiana anwani zinazogongana. Izime kabla ya kukunja mfumo, kisha uiwashe kwa mkono kwenye mashine moja tu. Zote nne zipe majina ya migodi yetu kwa amri ya hostname, uyaandike yote kwenye faili liitwalo mashine, kila jina na mstari wake, likifuatwa na slots=1. Halafu andika amri hii, inayoitaka kila mashine itaje jina lake:

mpirun --hostfile mashine hostname

Kiooni patokee majina manne: kambove, kamoya, kakanda, shinkolobwe. Kwangu shinkolobwe ilijibu ya kwanza.

Usitegemee mashine nne zikupe kasi mara nne. Mwaka 1967 mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alieleza kwa nini. Sehemu moja ya kumi ya kazi ikiwa haigawanyiki, mashine nne zitakupa kasi mara tatu na kidogo tu, na hata ukileta elfu moja hutafika kumi. Kwa hiyo zipe kazi ambazo kila moja inaweza kujifungia nazo chumbani bila kupiga soga na wenzake kwenye kebo: picha elfu za kupunguza ukubwa, video ya kwaya iliyokatwa vipande vinne, hesabu ya pai kwa kurusha nukta za bahati nasibu.

Na matokeo yaandikwe kwenye fleshi kila baada ya dakika tano. Sidii haisahau mfumo, lakini hesabu iliyokuwa kwenye RAM inaondoka na taa.