Nani Alilala Hapa?

Katika vilima vya Buha, kati ya Kasulu na Kibondo, palikuwa na kijiji kidogo cha wanyama ndani ya miyombo. Mwenyekiti wake alikuwa Nyani, mzee wa baraza alikuwa Kobe, na wakazi walikuwa jamaa wa Ngiri, Kanga, Nungunungu na wengineo. Walilima maharage na muhogo, wakatundika mizinga ya magome juu ya miti. Kilichowatesa ni maji. Mama akitoka alfajiri kwenda kuchota bondeni, alirudi jua la utosini, na nusu ya ndoo imemwagikia njiani.

Wakaambiwa kisima huchimbwa katika kijiji kilichoandikishwa, na kijiji hakiandikishwi mpaka kifikishe kaya 250. Namba hiyo si ya kubuni. Ndiyo iliyowekwa na sheria ya vijiji ya Tanzania ya mwaka 1975, na si rahisi kuifikisha milimani, ambako nyumba na nyumba hutenganishwa na korongo zima.

Nyani akaketi chini ya mwembe na daftari lake. Akawaandika vijana wa Kanga waliokwenda kukata mkonge Tanga, ambao nyumba zao zilikuwa zinaliwa na mchwa. Akaiandika miti yake mitatu ya kulalia kuwa kaya tatu. Akawaandika hata marehemu, kwa hoja kwamba makaburi yao bado yapo kijijini. Hesabu ikatimia 250 kamili.

Lakini ng'ambo ya kijito ziliishi kaya 27 zilizovuka mto Malagarasi zikikimbia moto wa upande wa pili. Pongo na wanawe walikuwa miongoni mwao. Hao Nyani aliwaruka. "Ni wageni," alisema. "Wakiandikwa leo, kesho watadai mashamba."

Hao hao ndio waliompalilia mashamba yake. Walishika jembe tangu umande haujakauka, na jioni wakagawana debe moja la muhogo, tena wa kukopwa. Mkono wa Pongo ulihesabiwa vizuri sana shambani. Kichwa chake ndicho kilichokosa nafasi daftarini. Dhuluma hii naichukia, na nimeisimulia hekaya hii kwa ajili yake.

Siku ya hesabu ilipokaribia, Nyani akawaamuru wa ng'ambo walale porini, karani asiwaone. Wakaenda, isipokuwa Pongo. Kitinda mimba wake alikuwa na homa. Pongo alikoka moto wa kuni mbichi uliotoa moshi mwingi, akamlaza mtoto juu ya majani makavu, akawa anamkanda kwa jani la mgomba lililochovywa kwenye maji. Maji yalikuwa kibuyu kimoja. Alichovya kidogo kidogo ili yafike asubuhi.

Kulipopambazuka, Korongo, karani wa sensa, akapanda kutoka kwenye mabwawa ya Malagarasi, daftari limebanwa bawani. Swali lake la kwanza lilikuwa moja kila mlangoni: "Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?" Ndivyo makarani walivyouliza Tanzania nzima kuhusu usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, walipohesabu watu 61,741,120.

Kwa vijana wa Kanga hakuitika mtu. Kwenye mti wa pili wa Nyani, kimya. Wa tatu, kimya. Makaburini Korongo hakubisha hodi. Alipojumlisha, kaya zilikuwa 226.

Ndipo akauona moshi, akavuka kijito. Pongo akampokea kwa makofi ya taratibu, kama ilivyo ada ya salamu huko Buha.

"Mmelala wangapi, mama?"

"Mimi na wanangu watano, ndugu karani."

Korongo akaandika sita. Nyani akafika mbio. "Huyo futa! Si wa hapa."

Kobe, aliyekuwa akiwafuata nyuma kwa mwendo wake, akafika na kusimama kati yao. "Mwenyekiti, hata mimi si wa hapa. Nilizaliwa juu ya kilima kile. Miaka ya 1930 Waingereza wakatukusanya makambini kwa sababu ya ndorobo na malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, tukahamishwa tena, migomba yetu tukaiacha na mikungu. Mwaka huohuo Burundi iliwaka moto, watu wakavuka mpaka. Wakaja tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Wakongo nao walifika, Kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa hapa Kasulu mwaka 1996. Warundi walipotusalimu tuliwaelewa, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Na baba yako, Mwenyekiti, alishushwa hapa na lori lile la Operesheni. Nilimsaidia mimi kubeba mkeka."

Nyani hakuwa na la kujibu. Korongo akauliza tu, "Wengine wa ng'ambo hii walilala wapi?" Kobe akapaza sauti kuelekea porini. Wakatoka mmoja mmoja, manyoya yamelowa umande, wengine wamebeba watoto. Wakaandikwa wote. Kaya zikawa 253.

Siku ya tatu ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano uliamua kwamba kaya zile 27 ziingie kwenye daftari la kijiji kwa majina yao, zipimiwe mashamba, na ujira wote wa palizi walioudai ulipwe kabla ya mvua za vuli. Nyani aliomba aendelee na uenyekiti. Alikataliwa, akabaki mkazi kama wengine, na kaya yake ikaandikwa moja. Kisima kilichimbwa mwaka uliofuata. Zamu ya kuchota huanzia kwa mwenye mgonjwa nyumbani, awe amezaliwa upande wowote wa mto.