Nyanya ya Mtaliano na Maharage Yangu

Riwaya yangu ina umri wa miaka sita. Mudi, mtoto wa mpangaji mwenzangu, alizaliwa wiki niliyoanza sura ya kwanza. Sasa yuko darasa la kwanza, anajua kuandika jina lake, na kwa mwendo huu atanitangulia kumaliza kitabu.

Mwanzoni niliona tatizo ni vifaa. Nikanunua daftari gumu na kalamu tatu: nyeusi ya kuandikia, nyekundu ya kusahihishia, na ya kijani ambayo mpaka leo sijaijua kazi yake. Meza nikaielekeza ukutani, kisha dirishani, kisha ukutani tena. Nikaweka kwenye simu programu ya kunizuia nisishike simu. Kila baada ya dakika kumi ikawa inaniletea ujumbe wa kunipongeza kwa kutoishika, nami naishika nisome pongezi zangu.

Ndipo nikaanza kupeleleza wenzangu waliofanikiwa. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta, alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Ila alikuwa na mtumishi mzee aliyelipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe. Mimi ninaamshwa na jogoo wa jirani, naye kwa kuwa halipwi huwika saa anayotaka yeye. Juzi ilikuwa saa nane usiku. Anayeniuma zaidi ni Shaaban Robert. Karani wa forodha, kazi ya kuajiriwa kama yangu, na bado akaacha vitabu zaidi ya ishirini. Trollope ninaweza kumsingizia baridi ya kwao. Huyu wa Tanga nimsingizie nini?

Afadhali nilivyokutana na habari za Francesco Cirillo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi wa chuo huko Italia, masomo yalimshinda kutulia nayo, akachukua kengele ya jikoni ya kuhesabia dakika yenye umbo la nyanya. Siku hizi mtindo wake unajulikana kwa jina hilohilo la nyanya, kwa Kiitaliano: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Kengele ya nyanya sina, na simu ndiyo adui mwenyewe. Nikatazama uani, nikaliona jiko la mkaa. Jumamosi hiyo nikabandika nusu kilo ya maharage. Nitaandika mpaka maji yapungue, nitaongeza maji, nitarudi kuandika. Jioni tutakuwa na sura na mboga.

Siku ya kwanza nilikwenda kuyatazama kila baada ya sentensi moja. Mama Mudi, aliyekuwa akifua, alivumilia mpaka akashindwa.

“Baba Salma, hayo maharage yana homa?”

Jumamosi iliyofuata nikaapa sinyanyuki. Katika riwaya yangu kuna bibi kizee ambaye kwa miaka miwili alikataa kabisa kusema neno. Siku hiyo akafungua kinywa. Akasema, nikaandika, akatukana, nikaandika. Katikati nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikaona inafaa sana, nikamfanya bibi aunguze uji. Hata moshi niliueleza vizuri.

“Hodi! Baba Salma! Uko hai humo ndani?”

Maharage yalikuwa yamegeuka mkaa juu ya mkaa. Sufuria ilikuwa ile tuliyotunzwa siku ya harusi. Mama Salma aliporudi kazini nilimpokea mlangoni na habari njema kwanza.

“Mke wangu, leo nimeandika kurasa nne.”

Akaitazama sufuria, akanitazama. “Na usiku tunakula ukurasa wa ngapi?”

Tangu hapo nimeajiri. Mudi anakaa kwenye kigoda karibu na jiko, na maji yakipungua anakuja kunigutua. Mshahara ni vitumbua viwili, kimoja alidai kitangulie. Utaratibu umekwenda vizuri kwa Jumamosi tatu, na bibi wa riwaya sasa hanyamazi.

Jumamosi iliyopita aliniingilia nikiwa katikati ya sentensi tamu.

“Baba Salma, maji.”

“Subiri kidogo, mwanangu.”

Akasubiri, mtoto mwenye adabu. Akaketi sakafuni, akaiokota kalamu ya kijani, akavuta ukurasa wa kwanza, na pale juu panapokaa jina la mwandishi akaandika, kwa herufi kubwa na bila kosa hata moja, MUDI. Alikuwa ameshaanza kuipaka rangi M nilipoisikia ile harufu.