Waraka kwa Mgawa Mafungu

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Kigoma. Najua meza yako ina mafaili mengi, na la samaki huenda liko chini kabisa kwa kuwa samaki hapigi simu. Naomba dakika chache. Ukichoka, mpe msaidizi wako amalizie.

Kwanza pongezi. Mwaka 2024 mlifunga uvuvi Ziwa Tanganyika upande wetu wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Wengi walinung'unika, mimi sikunung'unika. Dagaa huishi mwaka mmoja hivi na huzaa haraka, kwa hiyo kumpumzisha miezi mitatu si upuuzi. Swali langu ni dogo tu: walikuwa kiasi gani tulipofunga, na kiasi gani tulipofungua?

Nisijibiwe kwa shehena ya siku ya kwanza, tafadhali. Mwenye duka aliyefunga ili ahesabu mali haangalii msururu wa wateja siku ya kufungua. Ziwa lisilotiwa wavu miezi mitatu lazima lijaze mitumbwi usiku wa kwanza, na hilo halituambii lolote kuhusu mwakani.

Hesabu ya majini inajulikana: meli hupita na kipima mwangwi, sauti inashuka, inagonga makundi ya dagaa, inarudi na habari. Miaka ya 1990 mradi wa FAO na Finland ulikuja na meli iitwayo Tanganyika Explorer, ikazunguka ziwa lote. Mradi ukaisha, wageni wakaaga. Makadirio ya wakati ule, kwamba ziwa zima lilikuwa likitoa karibu tani 200,000 kwa mwaka, bado yanasomwa mikutanoni kwa sauti ya kujiamini. Yangekuwa mtoto, sasa yangekuwa na watoto wake.

Hesabu ya nchi kavu ndiyo inayoniuma zaidi. Njoo mwalo wa Kibirizi alfajiri, Mheshimiwa, bila msafara. Karani wa takwimu ana daftari, ubao wa kupimia na mizani ya kuning'iniza. Mitumbwi inafika kabla ya jua, wanunuzi wameshaingia majini hadi magotini, ndoo zinaondoka kwa makelele. Katikati ya vurugu hiyo aandike chombo kimewasha taa ngapi, kimekaa ziwani saa ngapi, kimeleta ndoo ngapi. Kisha apime migebuka kadhaa, mmoja mmoja, kwa sentimita, kabla mwenye mali hajamfokea. Posho ikichelewa hana nauli, na kitabuni siku hiyo ziwa halikutoa kitu. Nimewahi kuonyeshwa karatasi zenye idadi ile ile ya ndoo wiki nzima, zikiwemo siku za mbalamwezi ambapo wavuvi wa taa hulala majumbani kwao. Ofisi sitaitaja. Samaki wa karatasi hawaogopi mwezi.

Na hata akiandika vizuri, anahitaji mtu wa kuzisoma tarakimu zake. Jumla ya tani inaweza kubaki pale pale huku kila mtumbwi ukipata nusu ya zamani, kwa sababu mitumbwi imeongezeka. Karabai zimepisha taa za sola, na usiku mmoja wa leo si sawa na usiku mmoja wa zamani. Halafu kuna joto. Tangu 2003 watafiti wameandika kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kimepungua. Basi upungufu wetu, wa mvuvi ni kiasi gani na wa joto ni kiasi gani? Nyavu haramu mnaweza kuzichoma zote, maji hayatapoa.

Si kwamba hatuna pa kuanzia. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ipo tangu 1980, ina kituo hapa hapa Kigoma, na vijana waliosomea hesabu hizi wapo. Warsha za kuwajengea uwezo zimefanyika za kutosha. Mabegi yake yamezagaa mjini, mengine yanabebea dagaa.

Ninachoomba hakihitaji meli mpya (mkipewa, msikatae). Mshahara wa karani uingie bajeti ya halmashauri, usitegemee mradi. Wataalamu wawili watatu wa hesabu za samaki wakae kituoni miaka kumi bila kuhamishwa wala kufanywa wakuu wa vikao. Na mwangwi upimwe kabla ya kufunga na baada ya kufungua, kwa njia moja na nchi jirani. Sehemu yetu ya ziwa ni asilimia 41 tu, na dagaa hawajui mpaka wa Kongo uko wapi. Mkinionyesha hesabu hizo mbili, nitakuwa wa kwanza kuwatetea mbele ya wavuvi.

Nakala nimempa karani wa hapa mwaloni. Ameisoma, ameniuliza jambo moja nami sikuwa na jibu: kulabu ya mizani yake imekatika, aombe mpya idara gani?

Wako mtiifu,
Mla Dagaa wa Kibirizi