Chupa Mbele, Bidoni Nyuma

Kati ya komini sita za Kisangani, Lubunga peke yake iko ukingo wa kushoto wa mto. Basi Turbo King, bia nyeusi ya Bralima, hutufikia sisi wa Lubunga baada ya kuvuka maji, na msafiri hupokewa kwa heshima. Mnywaji huiweka mezani lebo ikitazama barabara, humimina kidogokidogo mpaka povu la rangi ya kahawa lipande, kisha huilinda chupa kama cheti cha shule.

Masanga, tembo letu la mchikichi, hayana bahati hiyo. Huja kwa baiskeli kutoka njia ya Opala, ndani ya bidoni la njano lililozibwa kwa majani, nyuki wakisindikiza. Asubuhi matamu, jioni makali, kesho siki. Lebo hayana, tarehe ya mwisho utaionja mwenyewe.

“Hayo ni ya wanakijiji,” husema mheshimiwa wa meza ya mbele. Saa mbili usiku, umeme umekatika, mpite polepole: mkononi ana kikombe cha plastiki, na mama muuzaji anamwongezea kutoka bidoni. Turbo King yake ingali mezani, lebo barabarani. Iliisha saa kumi jioni.